Mtoto, Picha na Sindano ya Jino

Miongoni mwa vitisho ambavyo wazazi wa nchi zetu wamerithishana, tangu mwambao wa Bahari ya Hindi hata ufuko wa Ziwa Mweru, hakuna kinachotamkwa kwa wepesi kama kitisho cha sindano. Mtoto akikataa uji huambiwa daktari atamchoma. Akichelewa kulala huambiwa vivyo hivyo. Akilia mbele ya wageni, mjomba wake huonyesha kwa kidole cha shahada namna sindano itakavyomwingia pajani. Hata siku jino linapomuuma usiku kucha, na mama yake akamshika mkono asubuhi kumpeleka zahanati, mtoto huyo katika nafsi yake haendi kutibiwa, bali anakwenda kupokea adhabu aliyoahidiwa tangu alipoanza kufahamu maneno. Tabibu anayemngoja huko huikuta hofu imekwisha kujengwa, imeezekwa na kuhamiwa, na yeye hana zaidi ya dakika chache za kuibomoa.

Ipo njia moja ya kumsaidia tabibu huyo na mtoto huyo kwa pamoja, nayo ni kumpa mtoto picha zinazotembea na sauti zake, azitazame na kuzisikiliza wakati dawa ya ganzi inapoingia ufizini. Nataka kuieleza njia hiyo huku fikira zangu zikiwa Kenani, katika wilaya ya Nchelenge, jimbo la Luapula, kaskazini mwa Zambia, kwa sababu mambo ambayo katika miji mikubwa hufichika nyuma ya vifaa na fedha, mahali kama pale hudhihirika yote.

Kuanzia mwishoni mwa Agosti 2017, raia wa Kongo waliokuwa wakikimbia mapigano katika majimbo ya Haut-Katanga na Tanganyika, wengi wao kutoka pande za Pweto na Moba, walivuka mpaka wakaingia Zambia kwa maelfu. Serikali ya Zambia, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, iliwapokea katika kituo cha muda cha Kenani, ambacho kabla ya mwaka ule kwisha kilikuwa kimekwisha kupokea watu zaidi ya 10,000, na zaidi ya nusu yao walikuwa watoto. Mapema mwaka 2018 walianza kuhamishiwa makazi ya Mantapala, katika wilaya hiyo hiyo, walikopewa viwanja vya kujenga na ardhi ya kulima. Lugha yao ya soko, ya kanisa na ya mchezo ilikuwa Kiswahili, kile Kiswahili cha Katanga ambacho ugali huuita bukari. Ilhali wenyeji wa ufuko wa Mweru husema Kibemba na lugha nyingine zinazokaribiana nacho, na mwuguzi aghalabu huandika kwa Kiingereza. Mtoto wa Moba akiketi mbele ya tabibu wa Kizambia, kila mmoja huwa na maneno mema ya kumwambia mwenziwe, na maneno hayo hayafiki.

Wala watoto wa ufuko ule si wageni wa ncha ya chuma. Nchelenge ni miongoni mwa wilaya za Zambia zinazoelemewa mno na malaria, na mtoto wa huko hudungwa kidole mara nyingi ili damu yake ipimwe, mbali na chanjo azipatazo tangu kuzaliwa. Walio wakimbizi wana jambo la ziada. Baadhi yao wamewaona watu wazima wakishikwa kwa nguvu na kuumizwa. Basi mkono wa mtu asiyemjua unapomkandamiza kichwa juu ya kiti, huku wengine wawili wakimshika miguu, kama inavyofanywa bado katika zahanati nyingi kwa nia ya kumaliza kazi upesi, mtoto wa namna hiyo hawezi kuambiwa kwamba anadeka.

Sindano ya bega humalizika kabla mtoto hajavuta pumzi ya kilio, lakini ya jino haiendi hivyo. Mtoto hulazwa chali, taa ikamulikwa usoni pake, mdomo ukafunguliwa kwa mikono ya mtu mwingine, ulimi ukakosa nafasi ya kusema basi, na bomba la chuma lenye kichupa cha dawa, ambacho kwa kawaida hubeba takriban mililita 1.8, likapita karibu na macho yake likielekea mahali asipoweza kupaona. Tena dawa yenyewe haifai kusukumwa kwa haraka. Waalimu wa udaktari wa meno hufundisha kwamba isizidi mililita moja kwa dakika, kwa kuwa sehemu kubwa ya maumivu haitokani na ncha, bali na maji ya dawa yanayotanua nyama zilizobana, hasa katika kaakaa, ambako utando wa kinywa umeshikamana na mfupa. Maana yake ni kwamba tabibu mwangalifu, yule ambaye kwa hakika anajali asimuumize mgonjwa wake, ndiye anayehitaji mtoto atulie kwa muda mrefu zaidi; na karibu dakika mbili, kwa mwenye umri wa miaka sita aliyefumbua kinywa, ni muda mrefu mno.

Dawa ya ganzi imepitia mageuzi makubwa. Mwaka 1884 Karl Koller wa Vienna alionyesha kwamba kokeini hufisha hisia za jicho, na matabibu hawakukawia kuipeleka kinywani. Mwanzoni mwa karne ya ishirini Alfred Einhorn wa Ujerumani akaunda prokeini. Na mwaka 1943 Nils Löfgren wa Sweden akaunda lidokeini, ambayo hata leo hutumika katika zahanati zisizohesabika. Lakini katika miaka yote hiyo chombo cha kuiingizia kimebaki kuwa chuma chenye ncha, chembamba kuliko zamani, chuma vivyo hivyo. Kazi iliyobaki, basi, ni kuishughulikia akili ya anayechomwa.

Wazo la kuitumia sauti kwa kazi hiyo si la juzi. Mwaka 1960, katika jarida la Science la Marekani, tabibu wa meno Wallace Gardner na mwanasaikolojia J. C. R. Licklider, yule ambaye baadaye alikuwa na fungu kubwa katika kuzaliwa kwa mitandao ya kompyuta, walieleza jinsi walivyowavisha wagonjwa hedifoni, wakawapa muziki na mvumo wa mfano wa maporomoko ya maji, kisha wakawaachia wagonjwa wenyewe kifaa cha kuongeza sauti kila walipohisi maumivu yanakuja. Habari ile ilivuma kwa miaka michache, kisha ikafifia, kwa kuwa majaribio yaliyofuata hayakuthibitisha kwamba sauti yenyewe huua maumivu. Hata hivyo naona walikuwa wamegusa jambo kubwa, nalo lilikuwa kile kifaa cha mkononi. Mgonjwa aliyepewa kitu cha kutenda, na ikhtiari ya kukitenda apendapo, alikwisha kuacha kuwa mtu wa kutendwa tu.

Miaka mitano baadaye, mwaka 1965, Ronald Melzack na Patrick Wall walitoa nadharia iliyobadili fikira za wataalamu wote wa maumivu. Walisema kwamba habari ya maumivu haipandi ubongoni moja kwa moja kama ilivyotoka kidoleni. Katika uti wa mgongo ipo sehemu ifanyayo kazi ya lango, na ubongo wenyewe waweza kuamuru lango hilo lisogee kufunga au kufungua. Kwa maumivu ya uso na kinywa kazi hiyo hufanyika katika shina la ubongo, lakini kanuni ni hiyo hiyo. Mwaka 2012, huko Hamburg, Christian Sprenger na wenzake waliwatia watu joto lenye kuumiza mkononi, huku wakiwapa kazi ngumu ya kukumbuka, na mashine ya kupigia picha za mwili ikaonyesha kwamba ishara za maumivu zilikuwa zimepungua kule kule katika uti wa mgongo, kabla hazijafika kichwani. Na mjini Seattle, tangu miaka ya 1990, Hunter Hoffman na David Patterson wamekuwa wakiwavika majeruhi wa moto miwani ya uhalisia pepe, ambayo baadaye ilikuja kuwaingiza katika bonde la theluji, wakarushe mabonge ya theluji wakati vidonda vyao vinaposafishwa. Kwa hiyo anayedhani kwamba katuni humdanganya mtoto tu, asihisi kile ambacho mwili wake unakihisi, hajaielewa kazi yake. Umakini wa mwanadamu una kipimo. Ukitumika huku, hupungua kule, na mwili hutii.

Je, imethibitika? Hapa inapasa kusema kwa insafu. Uchambuzi mkubwa wa mtandao wa Cochrane wa mwaka 2018, uliokusanya majaribio 59 yaliyohusisha watoto na vijana zaidi ya 5,000 wenye umri wa miaka 2 hadi 19, uliunga mkono matumizi ya mbinu za kumshughulisha mtoto katika kupunguza maumivu au mfadhaiko wa sindano za aina mbalimbali. Lakini uchambuzi mwingine wa Cochrane, uliotolewa mwaka 2020 na kuhusu sindano za meno peke yake, uliyaona majaribio yanatofautiana mno katika namna yalivyofanywa na kupimwa, hata haukuweza kutamka kwamba njia moja ni bora kuliko nyingine, picha na sauti zikiwamo. Mimi huyasoma matokeo hayo mawili kwa pamoja. Kwa jambo ambalo gharama yake ni ndogo, madhara yake ni haba, na mfano wake katika sindano nyingine unatia moyo, sioni sababu ya mtoto wa leo kungoja mpaka wataalamu waafikiane juu ya vipimo. Naona sababu nyingi za kulifanya vizuri, kwa maana likifanywa ovyo hugeuka kuwa kitisho kipya.

Na kulifanya ovyo ni rahisi. Zahanati ikiwasha katuni pale tu bomba la sindano linapoinuliwa, mtoto atajifunza katika ziara moja kwamba wimbo ule ndio mbiu ya kuchomwa, na mara ya pili ataanza kulia kwa kuusikia. Filamu na ianze mapema, mtoto akiwa bado ameketi na mama yake, aichague yeye mwenyewe kati ya mbili au tatu, aizamie, kisha iendelee wakati wa kupakwa ile dawa ya ganzi ya juu ya ufizi, ambayo huhitaji dakika moja au mbili ili ifanye kazi, na wakati wa sindano, na baada yake. Simu au kishikwambi kiinuliwe juu ya uso wa mtoto, mahali ambapo macho yakikitazama hayawezi kuona mkono wa tabibu, na bomba lipitishwe chini ya kidevu. Sauti iwe ndogo kiasi cha kumwezesha kumsikia anayemtibu. Hedifoni ifutwe kwa dawa baada ya kila mtoto. Kishikaji bora cha simu ni mkono wa mama, baba au dada mkubwa, kwa kuwa mtoto huona kwamba mtu wake amepewa kazi katika shughuli hii, wala hakuwekwa nje ya mlango asikilize kilio.

Fauka ya hayo yote, mtoto asidanganywe. Wapo watu wema wanaosema, "Hakuna sindano leo, njoo utazame sinema," nao hushinda siku hiyo na kupoteza miaka ishirini. Picha hazikuwekwa zichukue nafasi ya maneno ya kweli. Tangu mwaka 1959 Harold Addelston alipoandika juu ya kumzoeza mtoto tiba ya meno, matabibu wa watoto wamefuata utaratibu wa kueleza kwanza, kisha kuonyesha, kisha kutenda. Na utaratibu huo haukufutwa na kishikwambi. Tabibu aweza kusema: "Mwanangu, sasa nitalilaza jino lako. Utahisi kitu kinafinya, kisha mdomo utakuwa mzito. Ukitaka nisimame, inua mkono wa kushoto, nami nitasimama." Na mkono ukiinuka, asimame kweli, hata kama foleni imefika uani. Wapo pia watoto, nao si wachache, ambao amani yao iko katika kuona. Ukiwaziba macho kwa picha, hofu huzidi. Hao wapewe kioo kidogo cha mkononi na maelezo ya kila hatua. Na yupo mtoto ambaye taharuki yake imepita kiasi, hasikii wala haoni. Kwa huyo katuni haina kazi, na jambo la haki, maadamu jino halijaleta uvimbe wa hatari, ni kumtuliza, kumrudisha nyumbani na kumpangia siku nyingine.

Sasa nirudi Kenani, maana ni pale ambapo swali la filamu ipi huwa zito kuliko swali la chombo kipi. Picha huvuka mpaka bila mkalimani. Mtoto wa Pweto na mtoto mwenyeji wa Kashikishi hucheka pamoja wakimwona sungura akiteleza. Lakini katuni nyingi zinazotoka ng'ambo hujaa milipuko, bunduki, nyumba zinazowaka na watu wanaokimbizana, na mambo hayo, ambayo mtoto aliyekulia katika amani huyatazama kama mzaha, yaweza kumrudisha mwingine katika usiku ule alioondoka kwao. Ni wajibu wa zahanati kuitazama kila filamu toka mwanzo hadi mwisho kabla ya mtoto yeyote kuiona. Sidhani kama kuna sharti lililo jepesi kutekeleza kuliko hili, wala lililo jepesi kusahau.

Ama sauti, hiyo ina kwao. Mtoto anayesikiliza lugha asiyoijua huchoka upesi, na umakini wake, ambao ndio dawa yenyewe, hurudi kwenye ufizi. Kwa bahati njema Kiswahili si maskini tena katika fani hii. Mwaka 2014 shirika la Ubongo la Dar es Salaam lilianza kuonyesha katika televisheni ya taifa ya Tanzania katuni za Ubongo Kids, na baadaye likawatengenezea walio wadogo zaidi Akili and Me, habari za binti wa miaka minne akaaye chini ya Mlima Kilimanjaro, ambaye akilala huingia nchi ya ndoto yenye wanyama marafiki. Kiswahili chake si cha Moba, lakini mtoto wa Moba hatapotea ndani yake, na binti anayelala ni mfano mwafaka kabisa kwa mtoto aliyeambiwa kwamba jino lake linalazwa. Watoto wa wenyeji nao wapate za Kibemba, kwa kuwa kiti cha tabibu ni kimoja na hakimwulizi mtu alikotoka.

Sinema katika maisha ya wakimbizi si anasa niliyoibuni mimi. Shirika la FilmAid lilianza mwaka 1999 kwa kuwaonyesha filamu wakimbizi wa Kosovo waliokuwa Masedonia, na muda mfupi baadaye likafika kambi ya Kakuma, kaskazini mwa Kenya, ambako lilitundika turubai jeupe usiku na maelfu ya watu wakaketi mchangani kutazama habari za afya na hadithi za kuburudisha. Kile kilichofanywa kwa umma uliokusanyika chaweza kufanywa kwa mtoto mmoja kitini. Simu moja iliyochajiwa kwa umeme wa jua, yenye filamu zilizopakuliwa mapema ili mtandao ukikatika zisikatike nazo, yatosha kuanzia. Miwani ya uhalisia pepe na ibaki Seattle kwa sasa. Ni mizito kwa kichwa cha mtoto mdogo, na ikiharibika huku hakuna fundi.

Yuko atakayesema kwamba mahali ambapo matabibu wa meno ni wachache hivi, kuzungumza habari za katuni ni kujishughulisha na marembo. Uchache huo ni kweli: kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, eneo lake la Afrika lina madaktari wa meno wapatao 3 kwa kila watu 100,000, na shirika hilo hilo lilikadiria mwaka 2022 kwamba watoto wapatao milioni 514 duniani wana meno ya utoto yaliyooza. Lakini uchache ndio unaonipa hoja. Tabibu mmoja anayepigana na mtoto mmoja kwa nusu saa, wasaidizi wakimshika, hupoteza wagonjwa watatu waliokuwa uani; na mtoto yule harudi tena mpaka uvimbe umfunge jicho. Aliyetulia huhudumiwa kwa muda mfupi, na hurudi angali na kitobo kidogo.

Na kitobo kidogo aghalabu hakihitaji sindano hata kidogo. Hapa Afrika Mashariki ina fahari yake: katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, Mholanzi Jo Frencken na wenzake walianzisha namna ya kuziba meno kwa vyombo vya mkono peke yake, bila mashine na mara nyingi bila ganzi, kwa kukwangua sehemu laini iliyooza na kujaza saruji ya glasi-ionoma. Njia hiyo imeenea duniani, na mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliitia saruji hiyo katika orodha ya dawa za lazima, pamoja na dawa ya madini ya fedha ya kupaka inayozuia uozo usiendelee. Sindano iliyo njema kuliko zote ni ile ambayo haikuhitajika. Lakini jino lililokwisha kuota jipu halisikii saruji, na kwa hilo ganzi haina mbadala.

Jino likisha kung'olewa au kuzibwa, filamu isikatwe ghafla. Mtoto aachwe aimalize akiwa ameketi wima, huku mama akiambiwa kwamba mdomo utakaa na ganzi kwa saa mbili au tatu, asipewe bukari ya moto wala asiachwe aung'ate kwa kuuchezea, kwa kuwa vidonda vya namna hiyo ndivyo vinavyowarudisha watoto wengi zahanati kesho yake. Halafu kuna kadi. Familia za Mantapala hazikai mahali pamoja. Mwishoni mwa 2021 safari za kurejea Pweto kwa hiari zilianza, na wengine hupelekwa hospitali ya misheni ya St. Paul's, Kashikishi, kwa maradhi yaliyoshinda zahanati. Ningependa kadi ya kila mtoto iandikwe, pamoja na jina la dawa, kipimo chake na upande wa taya uliochomwa, mistari mitatu zaidi: filamu aliyoichagua, kama aliitazama au alitaka kioo, na mtu aliyemshikia simu, ili atakayemfungua kinywa mara ya pili, awe Mantapala, Kashikishi au Pweto, asianze upya.